Gurudumu la Meno Thelathini na Saba

Vijana, nyinyi mkiulizwa mlifanya kazi na nani, mnataja mameneja. Mimi miaka yangu mingi ya useremala nilifanya kazi na namba. Si namba nyingi, msije mkadhani nilikuwa msomi. Ilikuwa moja tu, thelathini na saba. Tulikosana nayo, tukapatana, ikanilisha, na kuna kitu ilininyang'anya ambacho nitakitaja mbele, kwa sababu nikikitaja sasa hamtasikiliza habari za mbao.

Hebu kwanza muijue. Chukueni maembe thelathini na saba mgawane. Mkiwa wawili, moja linabaki. Mkiwa watatu, moja linabaki. Wanne, sita, tisa, kumi na wawili, kila mara embe moja linabaki pale katikati linawakodolea macho na nyinyi mnatazamana. Mkiwa watano au saba yanabaki mawili, na ugomvi ni ule ule. Ili mgawane sawasawa lazima muwe watu thelathini na saba kila mtu na embe lake, au mtu mmoja ale yote, na huyo katika kila nyumba anajulikana.

Aliyenikutanisha nayo ni Fundi Mbwana, mtu wa Galu, ambaye zamani alikuwa akitengeneza madau na baadaye akahamia kazi za nchi kavu kwa sababu, kwa maneno yake, mashine haiendi kuvua na kazi yako ndani. Aliiita ile namba "mkaidi", na aliipenda kama watu wengine wanavyompenda mbuzi mkorofi. Alikuwa na mchezo wake mmoja. Alikuambia chagua tarakimu yoyote kuanzia moja hadi tisa, uiandike mara tatu. Tuseme umechagua nne, unapata mia nne arubaini na nne. Sasa zijumlishe zile nne tatu, unapata kumi na mbili. Gawanya ile kubwa kwa hii ndogo. Jibu ni thelathini na saba. Ukichagua saba, ni thelathini na saba. Ukichagua mbili, yule yule.

Tajiri wetu, yaani mwenye kiwanda, alifanyiwa mchezo huo siku moja wakati wa chai. Akaokota mkaa akaandika ukutani, akajaribu tarakimu zote tisa, na kila jibu likija alimtazama Mbwana mikono kama mtu aliyeibiwa saa. Mwisho akasema, "Huu ni uchawi." Mbwana akamwambia, "Hapana, tajiri. Huu ni ukaidi. Uchawi hubadilika."

Kiwanda chenyewe, msikione kikubwa. Kilikuwa kibanda kirefu cha mabati upande wa Msambweni, miaka ya hamsini, tukikamua miwa ya wakulima wa jirani na kupika sukari guru. Mashine ilitufikia ikiwa imeshazeeka kwa watu wengine. Injini ilizungusha gurudumu dogo la chuma lenye meno kumi na mawili. Hilo dogo likasukuma gurudumu kubwa la mti lenye kimo cha kunifika kifuani, na kubwa ndilo lililozungusha vyuma vya kukamulia. Meno ya lile kubwa yalikuwa ya mbambakofi, yamechomekwa moja moja ukingoni. Yalifanywa ya mti makusudi. Kitu kigumu kikiingia, livunjike jino la mti ambalo seremala atachonga jingine, lisivunjike la chuma ambalo mpaka liagizwe ng'ambo.

Kazi yangu ilikuwa hayo meno. Nilichonga, nikachomeka, nikapaka mafuta. Msambweni nzima ilinijua kama fundi meno, hata asubuhi moja mama mmoja alinijia shavu limemvimba akitaka nimtazame. Nilimwonyesha nyundo na patasi zangu, akasema maumivu yamepungua.

Gurudumu la kwanza, lile lililokuja na mashine, lilikuwa na meno thelathini na saba. Kila fundi aliyepita alilihesabu akacheka. Tajiri alikuwa na maelezo yake: aliyelichonga alikuwa amelewa. Mbwana alipomwambia kwamba aliyelichonga alikuwa na akili kuliko sisi sote, tajiri alicheka zaidi. Kwa hiyo lilipochakaa, akaagiza jipya kwa fundi mmoja wa Mombasa, na yule fundi, kwa ukarimu wake, akalisahihisha. Likaja gurudumu zuri, limepigwa msasa, na meno thelathini na sita. Lilikuwa likigawanyika kwa namna zote. Tajiri aliligusagusa kama mtu aliyenunua farasi.

Haukupita muda, jino likavunjika. Nikachonga jingine. Likavunjika tena. Kisha nikaona jambo la ajabu, kwamba yanayovunjika ni yale yale matatu. Mengine yote yalikuwa mazima, yanang'aa, lakini hayo matatu, yaliyokaa mbalimbali kwenye ukingo, yalivunjika kila nilipoyaweka. Nilibadilisha mti. Nilibadilisha mafuta. Nilibadilisha hata kipande cha ubao nilichokalia wakati wa kuchonga.

Wafanyakazi wenzangu hawakuhitaji maelezo. Jini alikuwa amechagua viti vyake. Palifukizwa ubani. Yale matatu yakafungwa vitambaa vyekundu, magurudumu yakavisaga, vikadondokea kwenye maji ya miwa, na sukari guru ya wiki ile ilikuwa na nyuzi. Kuku mmoja mweupe akapoteza maisha yake kwa ajili ya jino. Tajiri, ambaye dini yake ilikuwa nyingine na majini yetu hayakumhusu, ndiye aliyetoa kuku.

Mbwana alitazama mambo hayo yote akiwa na kikombe chake. Kuku alipokwisha kuliwa, akaniita.

"Wewe umemjua huyo jini jina lake?"

"Sijui, fundi."

"Anaitwa Kumi na Mbili. Hebu njoo."

Akanionyesha gurudumu dogo la chuma. Katika meno yake kumi na mawili, moja lilikuwa na kovu, limemeguka pembeni, na kila lilipopita lilipiga badala ya kusukuma. Sasa fuateni, na msiwe wavivu, maana hapa ndipo pana elimu yote niliyo nayo. Gurudumu dogo likizunguka mara tatu, limetumia meno thelathini na sita. Gurudumu kubwa likiwa na meno thelathini na sita, limemaliza mzunguko wake sawasawa. Basi lile jino lenye kovu linarudi pale pale lilipoanzia, likapiga yale yale matatu, leo, kesho na mtondo, mpaka yavunjike. Lakini kubwa likiwa na thelathini na saba, dogo likizunguka mara tatu linabakiza moja. Mzunguko wa pili kovu linapiga majirani. Wa tatu, majirani wa majirani. Kabla halijarudi kwa jino la kwanza, limekwisha kuyapitia yote, na kipigo kimegawiwa kila mmoja kidogo. Ile moja inayobaki, iliyowagombanisha kwenye maembe, ndiyo inayookoa mashine.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia tajiri kabla ya kuku.

"Nilimwambia," akasema. "Akasema nimelewa."

Sasa nije kwenye langu. Mwaka ule nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Kassim, mkulima wa miwa wa pale pale Msambweni, nikimtaka binti yake Mwanamisi. Mshenga wangu alikuwa huyo huyo Fundi Mbwana. Mwanamisi nilikuwa nimemwona mara chache na kusema naye mara chache zaidi, na mara moja katika hizo alinicheka, nami tangu siku hiyo nilikuwa sili vizuri. Nilimpenda. Sina neno jingine, na katika umri huu sioni sababu ya kulitafuta. Mzee Kassim alikuwa hajajibu. Alisema atatazama kwanza. Alichokuwa akitazama ni mimi kazini, kwa sababu miwa yake ilikuwa ikija kwetu, na msimu ule alikuwa ameikata yote mapema akairundika uani kwetu, ya kwanza kwenye foleni. Nyuma yake palikuwa na miwa ya wakulima wengine wengi.

Siku ile ile tulipotaka kuianza, gurudumu la Mombasa likapasuka. Safari hii halikuwa jino. Ukingo wenyewe ulikuwa umechoka kutolewa na kutiwa yale matatu, ukaachana vipande viwili.

Miwa ikikatwa haingojei mtu. Inalala siku chache, kisha inachacha, na ya kuchacha hata uipike vipi haigandi, inabaki maji ya hudhurungi yanayonuka. Tukapata ukingo mmoja wa mbao nzito, kavu, na hapakuwa na mwingine. Ukishatoboa matundu ya meno umetoboa. Ekseli tungeweza kuisogeza kidogo ikalingana na gurudumu lolote. Lililobaki lilikuwa kuugawanya ule ukingo, na hapo ndipo mkaidi aliponionyesha upande wake wa pili.

Kugawanya duara mara thelathini na sita ni kazi ya mtu aliyeshiba. Unachukua bikari, unaifungua kwa upana wa kutoka kitovu cha duara hadi ukingoni, unatembea nayo ukingoni, unapata sita bila kukosea. Kila moja unaikata mara mbili, halafu kila nusu mara tatu. Kwa thelathini na saba hakuna pa kuanzia. Hakuna nusu yake wala theluthi yake. Unafungua bikari kwa kukisia, unatembea hatua thelathini na saba, na ukiwa umekosea upana wa unywele mmoja, ukifika mwisho umekosea nywele thelathini na saba. Unaibana kidogo, unatembea tena, sasa umepungukiwa. Nilitembea na ile bikari kutwa nzima. Kile kile kinachoifanya isigawanyike kwa kovu ndicho kilichoifanya isigawanyike kwangu.

Asubuhi ya pili Mbwana akaja na ukili mrefu aliousuka mkewe, ule wa kushonea mikeka. Kamba huvutika, ukili haukubali. Tukauzungusha kwenye ukingo, tukaukata sawasawa na mzunguko wake. Akaniambia, "Panda juu." Akanyoosha kidole kwenye paa.

Tazameni bati lolote. Migongo yake imepangwa kwa nafasi zilizo sawa, wala hakuna fundi anayeweza kushindana na kiwanda kilichoikunja. Ukiulaza ukili mshazari, ncha moja kwenye mgongo mmoja na ncha ya pili kwenye mgongo wa mbali unaouhitaji, kila mgongo unaoukata unakupa sehemu iliyo sawa na mwenzake. Tukapanda, yeye upande wa juu, mimi chini kwenye ukingo wa paa, tukauvuta ukili ukakaza, nami nikatia alama za mkaa. Watu walijaa uani. Walioona mafundi wawili wamelala juu ya bati la moto wakihesabu migongo kwa sauti walijua jini hakutosheka na kuku.

Tukashuka, tukauzungusha ukili kwenye gurudumu, nikahesabu. Thelathini na sita. Nikahesabu tena. Thelathini na sita.

Mbwana akakaa chini akacheka mpaka akakohoa. Tulikuwa tumehesabu migongo thelathini na saba. Lakini baina ya migongo thelathini na saba zimo nafasi thelathini na sita, kama vile baina ya vidole vitano mna nafasi nne. Tulitaka nafasi, tukahesabu migongo. Hilo kosa, wanangu, mtalifanya na nyinyi, mkiweka nguzo za ua, mkipanga viti vya harusi. Mkilifanya mnikumbuke.

Na hapo ndipo ilipoacha kuwa mzaha, kwa sababu Mzee Kassim alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, huo ukili ulio mkononi mwako haujatimia?"

"Umetimia thelathini na sita, mzee."

"Nawe wataka ngapi?"

"Thelathini na saba."

"Kwa hivyo umezuiliwa na moja."

"Ndiyo, mzee. Moja."

Akatazama nje, kwenye miwa yake. Ilikuwa imeanza kuwa na ile harufu tamu ya mbele ya uchachu. "Mimi si fundi," akasema taratibu, "wala siwafundishi kazi yenu. Nauliza tu. Ukiyatoboa hayo thelathini na sita leo, kinu kitasaga kesho?"

"Kitasaga."

"Miwa yangu itakwisha kabla hakijavunjika?"

Sikutaka kujibu, lakini mtu mzima ameuliza. "Inshallah itakwisha, mzee. Ya kwako itakwisha. Kitavunjika kwa hao wa nyuma."

"Wa nyuma si wakwe zako," akasema, akaondoka akatusubiri uani.

Nikamgeukia Mbwana, nikitumaini atatoa amri nami nitii, halafu kwa maisha yangu yote nimlaumu yeye. Huo ndio ulikuwa mpango wangu. Fundi yule akakataa kunisaidia. Akaniambia, "Mimi ni mshenga wako. Hapa nikisema kitu, nitakuwa nasemea posa au nasemea gurudumu, na wewe hutajua ni kipi. Patasi ni yako." Kisha akatoka akaenda kutafuta chai, siku ambayo hata jiko halikuwashwa.

Nilikaa na ule ukili. Ulikuwa umegawanywa vizuri kweli kweli. Nilimwona Mwanamisi nyumbani kwangu, nikaona na rundo la kila mkulima aliyekuwa nyuma ya rundo la baba yake, nikasikia jino la tano likivunjika, na la kumi na saba, na la ishirini na tisa, na ukingo ukipasuka mara ya pili wala hakuna mti mwingine. Nilitamani sana niwe mjinga kidogo. Mjinga angetoboa, akaoa, akamlaumu jini.

Nikafuta alama kwa kitambaa chenye maji, nikapanda juu ya paa.

Mvua ikanyesha. Ndiyo, mnaweza kucheka, hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine. Bati lililolowa halikaliki, na mkaa hauandiki kwenye ukili uliolowa. Mbwana akarudi, tukangoja mpaka kesho yake jua lilipokausha. Safari hii tulihesabu nafasi. Zilikuwa thelathini na saba, na ncha ya mwisho ilikutana na ya kwanza pasiwe hata na pengo la unywele. Tukatoboa, tukachomeka, tukapaka mafuta. Kinu kilipoanza kuzunguka hakikupiga, kilivuma tu. Lile kovu lilikuwa likipita, unalisikia kwa mbali, kila mara mahali pengine. Sijapata kusikia sauti nzuri kama ile.

Miwa ya Mzee Kassim ilikuwa ya kwanza kuingia, na ilikuwa imekwisha kuchacha. Tulipika sufuria baada ya sufuria na haikuganda. Alisimama pale mpaka ya mwisho, hakupandisha sauti. Waliomfuata, ambao walikata baadaye, wote walipata sukari yao, wakanipa mikono, wakaniombea dua.

Posa ilirudi kwa mkono wa Mbwana. "Wamesema binti bado mdogo," akaniambia, hali amenipa mgongo. Mwaka haukuisha, akawa amekua, akaolewa na kijana wa Vanga. Niliumia, na uzee haujayapoza maumivu hayo kama watu walivyoniahidi. Bibi yenu, Mungu amrehemu, aliijua habari hii yote, na alinivumilia nayo. Mkiniuliza kama leo ningetoboa thelathini na sita, jibu ni hapana, wala msidhani jibu hilo linanifariji.

Mzee Kassim aliendelea kuleta miwa kwetu kila msimu. Alikuwa na akili, na vinu vingine vilikuwa vikivunjika. Alinisalimu kwa heshima, nami nikamwamkia kwa heshima, tukazungumza juu ya mvua. Alinipa miwa yake bila wasiwasi. Kwa kinu, alikuwa akiwaambia watu, hakuna wa kumpita yule fundi.

Msimu mmoja alikuwa mgonjwa, akamtuma mkwewe, yule kijana wa Vanga. Mtu mpole, mwenye adabu, nilimtafutia kasoro, sikuiona. Miwa yake ilipokuwa ikishushwa akanijia karibu na gurudumu, akiwa na haya kidogo.

"Shikamoo, fundi. Samahani. Mke wangu amenituma nikifika hapa niyahesabu haya meno. Ati nyumbani kwao mzee aliisema hii namba mwaka mzima, naye anataka kujua kama ni kweli."

Nikasimamisha kinu, jambo ambalo halifanywi miwa ikiwa foleni. Akahesabu kwa kidole, akapotea njiani, akaanza upya. Nilimngoja mpaka akayamaliza.

"Kweli thelathini na saba," akasema. "Nimwambieje?"

Nikamwambia amwambie yapo yote. Kisha nikachukua kopo nikapaka mafuta mahali ambapo palikuwa na mafuta tayari.